Kibandiko Kilichorudi Chekundu

Gundi ikishaanza kupoa haimngoji mtu. Mirriam Kenga aliinamisha sufuria kidogo kidogo, akaifuata gundi kwa mwiko bapa, akaitandaza juu ya sinia mpaka ikawa nyembamba kama utando wa maziwa. Ilikuwa na rangi iliyokolea ya bizari ya manjano waliyoitia, na ilinukia majani ya mpera yaliyochemshwa. Masinia yaliyokuwa tayari yalikuwa chini ya chandarua, feni ikiyapulizia kwa mbali. Mengine yalikuwa bado mezani, matupu.

"Usinisemeshe," alimwambia Rispah, ambaye hakuwa amesema neno.

"Nimenyamaza na unanigombeza. Nikisema je?"

Rispah alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akikata vibandiko vya jana kwa kibomba cha chuma chenye ukingo mkali. Kila kimoja kilikuwa kiduara kidogo, sawa na kifungo cha shati. Upande mmoja ulipakwa nta ya nyuki ili usigande ulimini; upande wa pili, ukigusa mate, ulishika nyama ya mdomo na kukaa hapo juu ya kidonda, ukitoa dawa taratibu. Gundi yenyewe waliitoa kwenye kokwa za ukwaju ambazo wauza sharubati wa Marikiti walikuwa wakizitupa. Walizikaanga, wakazimenya, wakazisaga, wakazichemsha. Mirriam alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika duka la dawa na alizijua dawa. Rispah, aliyekuja Mombasa kumfuata mume wake aliyeajiriwa na reli, aliwajua watu. Chumba chao kilikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga huko Kibokoni, na watu wa mitaa ile walikuwa wameanza kukijua.

Mlango ulisukumwa. Bi Thureya, mke wa Sheikhan muuza tambuu, alikuwa mtu asiyepita mlango wa mwenzake bila kubisha hodi na kuulizia hali ya kila aliyemo. Siku ile aliingia kimya, buibui likiburuzika nyuma yake, akaja mpaka mezani na kuiweka karatasi ya shashi iliyokunjwa.

"Fungueni," alisema.

Mirriam aliendelea kutandaza gundi kwa mkono mmoja. "Bi Thureya, karibu. Nipe dakika tu, hii itaganda."

"N'mekwambia fungua, Mirriam."

Mwiko ukasimama. Rispah ndiye aliyeifungua karatasi. Ndani yake mlikuwa na kibandiko kimoja, kimelegea kwa mate, na kilikuwa chekundu. Haukuwa wekundu wa doadoa. Kilikuwa chekundu chote, toka ukingo hadi ukingo, kama matofali yaliyolowa.

"Kimetoka kinywani mwa mume wangu alasiri hii," alisema Bi Thureya. "N'mekiokota mimi kwa mkono wangu kwenye beseni la kutawadhia. Yeye akitaka kukificha. Mwamtoa damu mume wangu na hii dawa yenu."

"Mama, taratibu," alisema Rispah. "Labda amekula kitu. Watu wanakula pilipili halafu…"

"Pilipili ipi? Mtu hata uji hali!"

Mirriam aliweka sufuria chini. Vibandiko vilivyotoka sufuria moja na vya Sheikhan vilikuwa tayari kwenye duka moja la dawa kule Makupa, na vingine Rispah alikuwa avipeleke kesho. Kama vilikuwa vinachubua, vilikuwa vinachubua midomo ya watu ambao hakuwajua hata majina.

"Bi Thureya, kaa kidogo," alisema. "Kidonda hicho alikipata lini?"

"Unajua lini. Si wewe uliyemuuzia?"

"Mimi nilimuuzia pakiti moja, kabla ya Idi Ndogo. Aliniambia kilianza siku mbili nyuma."

Bi Thureya alimtazama. Hasira yake ilisita, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Tangu Shaabani," alisema. "Kilianza Shaabani."

Mirriam alihesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umepita wote, na Mfungo Mosi, na Mfungo Pili. Sasa watu walikuwa wakihesabu siku za kuelekea Idi ya kuchinja.

"Na hivi vibandiko vyote alivipata wapi?" Mirriam aliuliza.

"Mimi nilikuja kununua mara moja. Huyu dada alinipa." Alimwelekezea Rispah kidevu. "Na yuko rafiki yake wa bandarini, Kyalo. Na jirani yetu wa juu."

Rispah alishika shavu. "Yule Mkamba? Yule aliniambia ni vya watoto wake!"

Kwenye kila pakiti Mirriam alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba kidonda kisichopona baada ya wiki mbili kisiendelee kubandikwa, kipelekwe hospitali. Alikuwa amedhani hilo linatosha. Sasa aliona jinsi mtu mmoja alivyoweza kupita pembeni ya maandishi yale kwa kuwatuma watu mbalimbali, kila mmoja na pakiti yake moja, kila mmoja na maneno yake mazuri.

Lakini kwanza ule wekundu. Alikisogeza kibandiko kwenye mwanga wa dirisha. Damu ikikauka huwa nyeusi pembeni. Hii haikuwa imebadilika pembeni. Alikikata nusu kwa mkasi.

"Rispah, una ndimu?"

"Ya samaki wangu."

"Nipe."

Aliikamulia nusu moja ya kibandiko. Tone liliingia, na pale lilipoingia rangi ikarudi nyuma, manjano ikatokea katikati ya wekundu kama doa la mafuta linavyotanuka kwenye karatasi. Bi Thureya aliinama.

"Hebu niambie," Mirriam alisema kwa sauti ya chini, "ukimwagikiwa na mchuzi kwenye kanga nyeupe, ukalipaka lile doa sabuni ya mche, doa huwaje?"

"Huwa jekundu. Kila mtu ajua. Manjano hiyo."

"Na ukilikamulia ndimu?"

Bi Thureya alikuwa amefua nguo tangu utotoni na hakuhitaji kumaliziwa.

"Hii ni bizari ya manjano ya dawa yetu," Mirriam alisema. "Si damu. Lakini ndani ya mdomo wake kuna kitu kikali kama sabuni, na…"

"Chokaa," alisema Bi Thureya.

Akakaa, hatimaye, kwenye kigoda ambacho Rispah alimwachia. Alivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Chokaa haikuwa na njia ya kuingia kinywani mwa mtu isipokuwa ndani ya jani la tambuu.

"Ameniapia," alisema. "Ndugu yake mkubwa aliondoka kwa kidonda cha ulimi. Alikuwa mlaji wa tambuu na tumbaku, hata usingizini. Siku ya kumzika, Sheikhan alishika mkono wangu akasema, mimi nitawauzia watu, sababu ndiyo kazi niliyoachiwa, lakini jani halitapita tena meno yangu. Na n'mekaa naye miaka yote hii nikijua hilo." Alikunja ile karatasi, akaikunja tena. "Kumbe yuwanidanganya."

"Hatujui bado," alisema Mirriam.

"Si n'mesema mimi mwenyewe! Chokaa!"

"Chokaa tunaijua. Vile ilivyofika, hatujui." Alivua aproni. "Twende tukamwone. Ila nakuomba, tukifika, usimshike na maneno kwanza."

Rispah aliinua kifuniko cha sufuria. "Na gundi? Nusu nzima iko humu."

"Zima jiko."

"Itaganda, Mirriam. Siku mbili tumemenya kokwa."

"Iache igande. Na wapigie Makupa, waambie wasiuze kwanza. Mwambie yeyote akija kununua, aje mwenyewe na mdomo wake."

* * *

Kibanda cha Sheikhan kilikuwa kwenye kona ya kutokea Ndia Kuu, dirisha la mbao lenye meza mbele na rafu nyuma, vibweta vya shaba vimepangwa kwa mstari: popoo, katu, iliki, nazi iliyokunwa na kupakwa rangi. Siku ile nusu ya meza ilikuwa imefunikwa kwa majani ya mtambuu, mengine yamelowekwa kwenye beseni, mengine yamekwisha kupanguswa na kukatwa vikonyo. Palikuwa na harusi kesho usiku kwenye nyumba moja kubwa huko Kizingo, na wenye harusi walikuwa wametaka tambuu za Sheikhan na si za mtu mwingine.

Mwanamume mrefu mwenye kitambulisho cha bandari shingoni alikuwa ameegemea meza. "Fundi, weka nazi nyingi, popoo kidogo. Nisije nikalewa kazini."

"Kyalo, wewe ulilewa tangu Machakos," alisema Sheikhan. Alisema kwa upande mmoja wa mdomo, ule wa kulia. Kushoto midomo haikufunguka. "Hapa waja kuongeza tu."

"Afadhali mlevi kuliko muuzaji asiyekula anachouza."

"Mimi siuzi kwa… " Akamwona mkewe. Jani likabaki mkononi. "Thureya? Wataka nini huku saa hizi? Kuna msiba?"

Bi Thureya alisimama kando ya kibanda, mikono ndani ya buibui.

"Shikamoo, Ami," alisema Mirriam.

"Marahaba, daktari." Alikuwa akimwita hivyo kwa mzaha tangu siku aliyonunua pakiti ya kwanza. Leo mzaha ulitoka mwepesi, bila uzito wa kuushika. "Mumekuja wawili. Basi si heri."

"Ningependa tuzungumze pembeni."

"Pembeni wapi? Kibanda ndicho hiki. Huyu Kyalo ajua mambo yangu yote, hata yale ambayo siyajui."

Mirriam alisogea karibu na meza ili sauti isipite. "Ami, leo umekula tambuu?"

Sheikhan aliliweka jani chini. Alilinyoosha kwa kiganja, polepole, kana kwamba limekunjika.

"Waniuliza mimi hilo," alisema, "mbele ya mke wangu."

"Nisamehe."

"La, umeuliza. Nitakujibu." Alimgeukia Bi Thureya, si Mirriam. "Wallahi, tangu tulipomfukia ndugu yangu, sijatafuna jani. Si leo, si jana, si kwa siri. Kama nimetafuna, kidonda hiki kisipone."

"Usiseme hivyo!" Bi Thureya alipiga hatua. Akaitoa karatasi, akaifungua juu ya meza, nusu nyekundu na nusu iliyorudi manjano. "Na hii je? Hii ni chokaa, Sheikhan. Kila mwenye kufua nguo ajua."

Alikitazama kibandiko muda mrefu. Kyalo alikohoa, akatazama juu kwenye roshani za nyumba ya pili.

"Sijui," alisema Sheikhan. "Sijui hiyo yatoka wapi. Lakini naona kwamba mke wangu ameokota takataka yangu akaipitisha mtaani."

Mirriam alimwangalia usoni. Alikuwa amewasikiliza watu wengi wakiongopa juu ya dawa: waliosema wamemaliza dozi na hawakuimaliza, waliosema hawanywi pombe. Wengi hujibu upesi. Huyu hakuwa na haraka. Alikuwa ameumia, basi. Alijikuta akimwamini, na kumwamini kulimtia hofu zaidi, kwa kuwa sasa hakuwa na jibu.

"Fundi, mimi nitapita kesho," alisema Kyalo.

"Hutapita kesho. Umeagiza tambuu, utakula tambuu. Hakuna aliyekufa hapa."

Akarudi kwenye kazi kama arudivyo mtu mwenye hasira, kila kitu kwa kishindo kidogo. Alifunua chungu cha chokaa. Ilikuwa imekauka juu. Akaongeza maji, akaikoroga kwa kijiti. Akachovya ncha ya kidole cha mwisho. Akakiingiza kidole mdomoni, upande wa kushoto, mpaka ndani kabisa ya shavu. Aliinamisha kichwa kidogo, macho yamefumba, akingoja. Uso ulimkunjamana kwa maumivu, na akangoja bado. Kisha akatema kwenye kopo, akasukutua, akaongeza maji kidogo kwenye chungu.

Bi Thureya alikuwa akimtazama na hakuona kitu. Kyalo naye. Walikuwa wameliona jambo lile mara nyingi mno.

"Ami," alisema Mirriam. "Hilo ulilofanya ni nini?"

"Lipi?"

"Kidole. Mdomoni."

"Naionja chokaa." Alisema kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi. "Ikizidi yamuunguza mteja, ikipungua tambuu haitoi rangi. Haijulikani kwa macho. Baba alionja hivi, na babu yangu alionja hivi."

"Kila siku?"

"Kila nikikoroga. Asubuhi, mchana, jioni, na watu wakiwa wengi, zaidi ya hapo."

"Na huionjea shavu la upande gani?"

Alifungua mdomo kujibu. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kushoto, ukaishia njiani.

Kyalo alisema kitu kwa Kikamba, chini ya pumzi.

"Hiyo ni kuonja," alisema Bi Thureya. Alisema kwa haraka, kumtetea, yeye aliyekuja kumshitaki. "Mirriam, hiyo ni kuonja tu. Si kula."

"Kuonja si kula," Sheikhan aliitikia, na sauti ikampanda. "Mpishi mwezi wa Ramadhani huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, na saumu yake i palepale. Nenda kamuulize sheikh umtakaye. Na mimi mwezi mzima nilionja, nikatema, nikafunga, na sina deni la siku hata moja. Kwa hivyo usinambie mimi nimekula tambuu!"

"Sikwambii hivyo, Ami. Saumu yako iko salama na kiapo chako kiko salama. Nimekuamini kabla sijaona." Alisubiri apumue. "Lakini shavu halijui fatwa. Chokaa ikiligusa, imeligusa."

Gari la mkokoteni lilipita likigongagonga mawe, mwenyewe akipiga kelele za kuomba njia, na wote wakalipisha. Lilipokwisha kupita, uso wa Sheikhan ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umepata nafuu, na nafuu ile ndiyo aliyoiogopa Mirriam.

"Basi ni chokaa," alisema Sheikhan. "Alhamdulillahi. Miezi yote hii nikidhani… Basi n'taacha kuonja. Nipe vibandiko vyako, niache kuonja, kitapona. Thureya, umesikia? Ni chokaa tu."

Bi Thureya alitaka kutabasamu. Alimgeukia Mirriam, akingoja aseme ndiyo.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Pakiti mbili zilikuwa kwenye mfuko wake wa bega.

"Pengine," alisema Mirriam. "Pengine ni chokaa tu. Lakini kidonda cha tangu Shaabani mimi sikipimi kwa pengine. Lazima kionekane hospitali."

"Hapana."

"Ami…"

"N'mesema hapana. Ndugu yangu alionekana. Walimkata kinyama kidogo hapa, kama ukucha, wakasema wanaenda kupima. Hakumaliza mwezi. Kidonda cha namna ile kimelala. Kikiguswa na kisu huamka."

"Sheikhan," alisema Bi Thureya.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia." Alisema taratibu, na mikono yake ilikuwa imetoka ndani ya buibui. "Alikaa na kile kidonda Idi mbili akisema ni jino. Tulipompeleka alikuwa hawezi kumeza mate yake. Kisu kilimkuta amekwisha kwenda. Wajua hivyo. Sote twajua, na hatusemi, sababu ni marehemu."

Sheikhan alilitazama beseni la majani.

"Nikitazame mimi kwanza," alisema Mirriam. "Kwa tochi. Sitakigusa."

"Hapa? Njiani?"

"Mimi nitasimama," alisema Kyalo.

Akasimama dirishani, mgongo kwa kibanda, mabega yake yakiziba mwanga wote wa barabara. Akatoa simu, akaiweka sikioni ingawa haikuwa imelia, akaanza kumgombeza mtu asiyekuwepo juu ya kontena lililokosewa namba. Alipaza sauti kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa akija kununua alibadili njia.

Nyuma yake, Mirriam alipita kwa kijilango cha kibanda. Sheikhan alikaa kwenye kreti. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga.

"Unafunguka mpaka hapo tu?"

"Siku hizi, mpaka hapo."

"Jaribu."

Alivuta shavu kwa kidole chake mwenyewe. Mwanga wa simu uliingia. Mirriam alitarajia duara jeupe lenye ukingo mwekundu, kama vidonda alivyoviona kila siku, vile ambavyo vibandiko vyake viliviponya. Aliona kitu kingine. Ukingo ulikuwa umeinuka na kukunjika nje, na pembeni yake nyama ilikuwa nyeupe, si ya kupangusika. Alishikilia simu kwa mikono miwili ili mwanga usitikisike.

"Bonyeza kwa nje ya shavu, wewe mwenyewe. Ni laini au kigumu?"

Akabonyeza. "Kigumu," alisema, mdomo ungali wazi. "Kama kokwa."

"Kinauma?"

"Kikishabandikwa, hakiumi. Ndiyo raha ya dawa yako."

Alizima tochi. Kyalo, kule mbele, aliishiwa na maneno ya kumwambia mtu wa kontena, akaanza upya.

"Ni kile?" Bi Thureya aliuliza. "Kama cha ndugu yake?"

"Sijui. Sitasema nisilolijua. Kuna vinavyofanana na si hivyo, na vipo vya hatari vikiwahiwa vinaondoka. Anayeweza kusema ni mwenye kukikata na kukipima." Aliitia simu mfukoni. "Ami, mimi sikuuzii tena."

Sheikhan alicheka kidogo, kwa upande wa kulia. "Wacha mchezo. Nipe kimoja tu cha leo. Nile kitu, nilale. Kesho tutaona."

"Kesho utaamka hakiumi, na utasema kesho kutwa."

"Kimoja, mwanangu."

"La."

"Wewe Mirriam!" Bi Thureya alimshika mkono. "Mtu huyu hajala tangu asubuhi. Una dawa kwenye mfuko, n'naiona, na wamnyima mgonjwa? Una roho gani wewe?"

Mirriam hakuutoa mkono wake. Hakuwa na uhakika kwamba alikuwa akifanya haki. Kumwacha mtu na maumivu usiku kucha, ilhali alichokitengeneza kwa mikono yake kingeyaondoa, lilikuwa jambo ambalo asingeweza kumweleza hata Rispah. Alilitazama tena lile shavu, lililofungwa sasa.

"Kilichomfikisha hapa ni raha hiyo ya dawa yangu," alisema. "Chokaa ilimuunguza, na mimi nikamzuia asisikie. Nikimpa leo, nitakuwa nimempa Shaabani nyingine. Bi Thureya, mchemshie viazi, uviponde na maziwa, vipoe, anywe kwa upande wa kulia. Mpe dawa ya maumivu ya kumeza. Asubuhi nitakuja nyumbani kwenu mapema, twende pamoja. Daktari akishakitazama, akisema kibandikwe, nitakibandika mwenyewe palepale."

"N'tamtuma mtu aninunulie," alisema Sheikhan.

Kyalo aligeuka, simu ingali sikioni. "Umtume nani, fundi? Mimi nimetoka. Niliambiwa niseme ni vya watoto, nikasema ni vya watoto. Watoto wangu wako Mwala na nyanya yao, hawana hata pua ya mafua."

"Nawe pia wanigeuka."

"Nami pia. Nikufiche mpaka lini? Ukinyamaza wewe, nani atanitukana?"

Sheikhan aliinuka. Alirudi mezani kwake, akavuta majani, akaanza kuyapangusa moja moja kwa kitambaa kibichi na kukata vikonyo, kama vile wote walikuwa wameondoka. Bi Thureya aliuachia mkono wa Mirriam. Baada ya muda alivuta kreti, akakaa kando ya mumewe, akachukua kitambaa cha pili. Mirriam alibaki amesimama kwenye kijilango. Hakujua kama anasubiriwa aende au asiende.

"Kesho siwezi," alisema Sheikhan hatimaye. "Hamuoni? Hii ni kazi ya Kizingo. Majani yote haya. Na chokaa bado."

"Chokaa utaijuaje," alisema Bi Thureya, "na kuonja umeacha?"

Sheikhan alipangusa jani moja mara mbili.

"Wakikata," aliuliza, bila kuinua macho, "nitaweza kusema? Mimi nauza kwa mdomo. Watu hawaji kwa tambuu peke yake. Waja tutukanane kidogo."

"Sijui, Ami."

"Hujui kitu wewe. Na n'kikuita daktari."

"Sijui. Ndiyo maana twaenda kuuliza kingali hapo kilipo."

Jua lilikuwa limeshaondoka kwenye kuta za mtaa, na mwenye duka la vitambaa upande wa pili alianza kushusha mlango wake. Kyalo alichukua tambuu yake isiyokamilika, nazi tupu ndani ya jani, akaitia mdomoni bila kulalamika. Nusu ya majani ilikuwa imepanguswa. Nusu ilikuwa bado kwenye beseni, na vikonyo vyake.

Sheikhan alikifunika chungu cha chokaa. Alichukua gunia bichi, akalitandaza juu ya majani yote, yaliyokuwa tayari na yasiyokuwa tayari, akalibana pembe kwa vibweta vya shaba.

"N'tawapigia wa Kizingo kesho," alisema. "Tukirudi."

"Wapigie sasa," alisema Bi Thureya, na akampa simu.

Aliishika, akatafuta namba, akasita, akabonyeza. Walisikia ikilia upande wa pili, ikilia tena, kisha sauti ya mwanamke yenye furaha, na nyuma yake vigelegele vya watu waliokuwa wakijaribu nyimbo.

"Waleikum salaam, mama. Ni Sheikhan, wa tambuu." Alimwacha aseme. "La, hamna ubaya. Majani n'nayo, mazuri. N'mefika nusu." Akamtazama mkewe. Akaugeuza uso kuelekea ukutani. "Hiyo nusu ya pili itangoja kidogo, mama. Asubuhi n'nakwenda hospitali."